Bastola ya Babu Iliyovikwa Fedha

Tulitoka Tabora na galoni ya asali, mbuzi ya kukunia nazi, na picha ya Babu iliyokunjika pembe. Hayo ndiyo yaliyokuwa mali yetu, mimi na Bibi. Baba yangu alikuwa amefariki, mama ameolewa kwingine, na Babu, aliyetangulia Maskati kabla sijazaliwa, alikuwa ametuletea habari kwamba sasa amepata nyumba, tumfuate. Gari la moshi lilitutikisa mpaka Dar es Salaam, Bibi ameikumbatia galoni kama mtoto mchanga. Kariakoo tukakaa kwa jamaa kusubiri karatasi, tukakaa sana, mpaka mwenye nyumba akaanza kunituma dukani kama mwanawe. Halafu ndege. Nilitapika njia nzima, na Bibi alinifuta kwa ncha ya kanga yake huku akiwaomba radhi watu ambao hawakuelewa Kiswahili.

Pale uwanjani askari wa forodha alifungua galoni, akanusa, akamwita mwenziwe naye anuse. Nje ya kizuizi alisimama mzee mfupi, kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono. Aliponiinamia nilinusa mafuta. Si mafuta ya nywele wala ya kupikia. Ni harufu kali, safi, kama ya cherehani mpya. Sikujua bado kwamba ni mafuta ya bastola.

"Huyu ndiye?" alimuuliza Bibi.

"Ndiye huyo. Mshike, miguu haina nguvu, katapika mpaka kaisha."

"Tutamjaza tena," alisema Babu, akanibeba.

Nakwambia mapema, rafiki yangu, usije ukadhani nakuletea kumbukumbu za kupakwa sukari. Nayaandika haya kwa hasira. Juzi binamu yangu kanitumia picha ya harusi kwenye simu. Wanaume wamejipanga ukutani barazani kwa Ami, kaka wa baba yangu, majambia ya khanjari kiunoni, wanacheka. Na juu ya vichwa vyao, ndani ya kisanduku cha kioo, inang'aa ile bastola. Miaka yote hii, nimehama miji hata sikumbuki yote, nimelala Mombasa, Lubumbashi, Kigoma, nimeuza vipuri, nimeendesha malori, nikadhani hasira imechakaa njiani. Nilipoiona picha niliilaza simu kifudifudi. Hasira ilikuwa mpya kabisa, kama imetolewa dukani.

Nyumba yetu ilikuwa Hail, mitaa michache kutoka baharini. Siku hizo kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na mchanga mtupu na mbuzi wanaokula maboksi. Mchana joto lilitufungia ndani, mashine ya ubaridi ikikoroma dirishani kama mgonjwa. Alasiri jiko la Bibi liliamka: vitumbua, chai ya maziwa yenye hiliki, papa mkavu ambaye Babu alimfuata mpaka Qantab kwa sababu eti wa sokoni hana ladha. Jikoni palikuwa na kabati la vyombo lililonunuliwa kwa mtu aliyehama. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Kila ukifungua mlango liliyumba na sahani zote zikapiga kelele, na kila zikipiga kelele Bibi alisema, "Bwana, kabati," na Babu akajibu, "Kesho, inshallah." Kesho hiyo haikufika. Babu mikono yake ilikuwa na kazi nyingine.

Alikuwa na bastola tatu, zote za Kijerumani, zote kongwe. Wajuzi wanaziita kwa herufi na namba: C96, P08, P38. Sisi nyumbani tulizipa majina kama watu. Ya kwanza ni Abu Ashara, kwa sababu inameza risasi kumi. Mtutu wake mrefu, mpini wa mviringo kama wa jembe, na ala yake ya mbao ukiichomeka nyuma inageuka kitako cha bunduki. Ya mwisho tulimwita Mdogo Wao, ndiye aliyezaliwa nyuma katika vita vya pili. Na ya katikati, mfalme wa nyumba, ni Goti. Aliitwa hivyo kwa sababu mgongoni ana kiungo kinachokunjika. Ukipiga risasi, kiungo kile kinaruka juu na kupinda kama mtu anayekunja goti, kinatupa ganda la risasi hewani, kinajinyoosha tena, kimekwisha kujipakia nyingine. Asiyemjua Goti akipiga mara ya kwanza hurudi nyuma, maana chuma kinamchomoza usoni ghafla. Wanaume wazima nimewaona wakifumba macho.

Babu alikuwa na sababu ya kumpenda Goti. Baba yake, Tabora, alikuwa naye wa namna hiyo hiyo. Alimpata kwa ofisa wa Kijerumani wakati wanakimbia, akabadilishana naye kwa punda na unga. Mwingereza alipoingia akatangaza silaha zote zirudishwe. Mzee akaenda, akaiweka mezani, akarudi nyumbani. Babu alizaliwa baadaye, hata kuishika hakuwahi. Ila alikua akimwona baba yake, akikaa peke yake barazani, anafungua na kukunja kidole cha shahada cha mkono wa kulia, anafungua na kukunja. Hilo tu ndilo alilorithi kwa bastola ile.

Kwa hiyo siku Babu alipokwenda soko la Nizwa kutafuta mbuzi wa Idi, akamwona Goti amelala juu ya gunia katikati ya visu na bunduki za zamani, hakurudi na mbuzi. Alivua khanjari yake, khanjari ya fedha tupu aliyorithi kwa baba wa baba yake, iliyotoka Oman ikaenda Tabora ikarudi Oman, akaiweka juu ya gunia na kumchukua Goti. Alitoa fedha akachukua chuma. Nataka ulishike hilo, kwa sababu yote yaliyofuata yametoka hapo.

Wewe labda huijui Oman. Mwanaume akienda harusini au kwenye Idi bila khanjari ni kama kaenda miguu mitupu. Babu alikwenda hivyo hivyo, mshipi mtupu. Watu walimtazama kiunoni kabla ya usoni. "Wazinjibari hao," walisema, ingawa Zanzibar yenyewe aliipita tu, "wamesahau." Babu alicheka. Alikuwa na kitu chake nyumbani.

Alhamisi alasiri ndiyo ilikuwa siku ya kusafisha. Alitandika mkeka barazani, juu yake kanzu kuukuu, na juu ya kanzu viungo vya Goti vimepangwa kwa zamu ile ile kila wiki. Kazi yangu ilikuwa kupitisha kitambaa ndani ya mtutu, nikiuelekeza kwenye mwanga mpaka mistari ya ndani izunguke safi. Chuma chake kilikuwa cheusi chenye ubuluu, kama mgongo wa kunguru. Lakini vidude vidogo, triga, kifunga usalama, vipini vya kiungo, vilikuwa na rangi nyingine. Wajerumani walivichoma moto kwa kipimo mpaka vikageuka manjano ya kahawia. Babu alimwita Bibi alete kijiko cha asali ya Tabora, akakiweka kando ya triga.

"Tazama, mama. Si rangi moja hii?"

"Usinitilie mafuta ya bunduki kwenye asali yangu," Bibi alisema, lakini aliinama akatazama.

Na kila kidude kilikuwa na namba. Goti alipotengenezwa, fundi alizipiga namba zake za mwisho kwenye kila kiungo, hata kile kisichozidi punje ya mtama, ili visichanganyike na vya bastola nyingine. Arobaini na saba. Babu alizifungua hata mbao mbili za mpini, zilizochongwa vimistari vya kukatana, akanionesha nyuma yake, upande usioonekana na mtu. Hapo pia, arobaini na saba imepigwa ndani ya mti.

"Unaona? Hata mbao inajua kwao," alisema. "Bastola ambayo viungo vyote vina namba moja, huyo ni mzima. Ukimbadilisha hata kimoja, wajuzi watamjua. Keshakuwa mwengine."

Ijumaa alfajiri, kabla jua halijakasirika, tulikwenda bondeni. Mto mkavu, mawe meupe, milima mbele kama ukuta. Tulikuwa watatu: Babu, mimi, na Jirani. Jirani alizaliwa Pemba, alikuwa dereva mstaafu, mnene, mwenye kicheko kinachotangulia maneno yake. Hakuwa na silaha, alikuja kupiga za Babu na kula vitumbua vya Bibi, na hakuficha kipi kilimleta zaidi. Tulijaza mchanga makopo ya maziwa ya unga, tukayapanga juu ya mwamba. Aliyekosa sana ndiye alichemsha kahawa. Jirani alikuwa fundi wa kahawa, akili yako itakwambia kwa nini.

"Yakhe, kopo limesogea!"

"Limesogea lenyewe? Lina miguu?"

"Wallahi nnakwambia, limeniona likaogopa."

"Chemsha kahawa wewe."

Babu alipopiga hakusema kitu. Alisimama ubavu, mkono mmoja nyuma ya mgongo kama anaficha zawadi. Alisema bismillahi kwa midomo tu. Kisha Goti alikunja na kukunjua, kopo likaruka, maganda yakatudondokea mabegani yakiwa ya moto. Mimi alinifundisha mwaka ule nilipofika kimo cha bega lake. Alinishika kiwiko, akaniambia nisimtazame Goti, nitazame kopo, Goti anajua kazi yake. Nilipopiga la kwanza likaanguka, Jirani alipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia, na Babu alinipiga kofi la mgongo ambalo mpaka leo nikinyooka nalisikia. Sijawahi kuwa tajiri wa kitu kama asubuhi zile.

Sasa nikuletee Ami.

Ami yangu alikuwa mtoto wa kwanza wa Babu. Alikuja Maskati kijana, akapelekwa kusoma ng'ambo, akarudi na kazi serikalini na nyumba kubwa Ghubra. Hakuwa mtu mbaya, ndivyo kila mtu anavyoniambia. Alitusaidia, hilo kweli. Lakini Kiswahili alikitumia kwetu jikoni tu. Akija na wageni alitutazama kwa jicho la kutufunga midomo, hasa mimi. "Mbele za watu, Kiarabu," aliniambia. "Usituaibishe." Na mshipi mtupu wa baba yake ulimuuma kama jino. Harusi ikipita alirudi nyumbani kwetu na uso uliovimba.

"Baba, mimi ntakununulia khanjari. Nzuri kuliko ile."

"Nilikuwa nayo," Babu alijibu. "Nilishaitumia."

Mwaka niliofika darasa la mwisho la sekondari ya kati, Ami alianza kumposea mwanawe. Binti alitoka kwenye ukoo wa watu wa milimani, watu wa heshima, kila mwanaume ana bunduki yake na hadithi ya babu yake. Wakatualika kijijini kwao. Kwenye kahawa, mkubwa wao, mzee mwenye ndevu nyeupe na khanjari pana kama sahani, alimtazama Babu kiunoni.

"Wanasema uliitoa khanjari ya wazee wako kwa kipande cha chuma cha Wajerumani," alisema kwa Kiarabu, na watu wakatabasamu ndani ya vikombe.

"Wanasema kweli," Babu alijibu.

"Kinapiga?"

"Kinapiga."

"Basi siku ya tatu ya Idi njoo nacho. Tutaweka jiwe jeupe. Wewe na chuma chako, mimi na changu. Tuone kama uliuza vizuri."

Baraza zima likashangilia. Babu alikubali palepale, akampa mkono. Nilimwona Ami akitazama chini kwenye zulia. Mimi nilikuwa naruka rohoni. Nilijua mzee yule hajui anachokitaka.

Wiki zile Babu alirudi ujana. Ijumaa haikutosha, tulikwenda bondeni na siku nyingine za wiki. Alikuwa ameanza kuona ukungu jicho la kushoto, akalifunga kwa leso na kupiga kwa la kulia. Kopo tukaacha, tukaweka mawe meupe, madogo, madogo zaidi. Alikuwa hapigi ili ashinde tu, hilo nililielewa baadaye. Maisha yake yote ya Maskati watu walimwona mzee aliyebadilisha heshima kwa chuma. Alitaka siku moja, mara moja, mbele ya macho yao, chuma kile kijibu.

Ami akaja. Akasema kibali cha bastola kinakaribia kwisha, kinatakiwa kuhuishwa kabla ya Idi, na pale ofisini wanataka waione silaha yenyewe, na yeye anajuana nao, atashughulikia, Babu asisumbuke na foleni. Maneno mazuri. Babu alimfunga Goti kwenye kitambaa chake cha pamba, akampa mwanawe kwa mikono miwili.

Siku zikapita. Babu aliuliza, Ami akasema kesho. Siku ya Arafa Babu aliuliza tena. "Usijali, Baba," Ami alisema, na alicheka kama mtoto aliyeficha kitu. "Utamwona Idi."

Tulimwona Idi.

Ilikuwa barazani kwa Ami, Ghubra, baada ya chakula. Shuwa imeshaliwa, nyama iliyolala shimoni mpaka ikaachana na mfupa wenyewe. Halwa inazunguka, ubani unafuka. Wakwe wa milimani wamekuja wote, na yule mzee wa ndevu nyeupe amekaa mahali pa mbele. Jirani alikuwepo. Bibi na wanawake walikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Ami alisimama, akasema kwa Kiarabu kilichonyooka kwamba mtoto hawezi kumlipa baba, lakini leo anajaribu. Akaleta kisanduku cha mahameli ya kijani, akapiga magoti mbele ya Babu, akakifungua.

Goti alikuwa mweupe.

Alikuwa amevikwa fedha kutoka mdomo mpaka kisigino. Fundi wa fedha, wale wa kupamba khanjari, alikuwa amemsugua mpaka ngozi yake nyeusi ikatoka yote, na namba zikatoka na ngozi, kisha akamwaga fedha juu yake na kuchora maua na miti ya mitende. Triga, ile ya rangi ya asali, ilikuwa nyeupe kama meno ya maiti. Mbao za mpini zilikuwa zimeng'olewa, mahali pake vibati vya fedha vyenye mawe mekundu. Mdomoni mwa mtutu kulikuwa na madini ya risasi yaliyoyeyushwa, yamejazwa na kusawazishwa, "ili iwe salama kutundikwa," Ami alieleza, "maana sasa hii si ya kupigia, ni ya heshima." Akageukia wageni. "Baba yangu alitoa fedha akachukua chuma. Mimi nimemrudishia fedha yake."

Watu walipiga makofi. Chumba cha pili wanawake wakapiga vigelegele, na nilikisikia kile cha Bibi, kirefu, ninakijua katika elfu.

Mzee wa milimani alinyoosha mkono, akapewa. Alijaribu kukunja goti, likakataa, fedha ilikuwa imelishika. Aliugeuza mtutu kwenye mwanga akachungulia, na nikaona amekwisha kujua. Alikuwa mtu wa silaha. Nadhani kwa nukta moja alimhurumia Babu. Lakini baraza lilikuwa linamsubiri.

"Mashallah," alisema. "Basi ya kesho kutwa imekwisha. Tumeshinda bila kupiga!"

Walicheka. Ami alicheka kuliko wote. Nami nikamtazama Babu, nikingoja. Nilitaka anyanyuke. Nilitaka apige kelele, apindue sinia, amuulize mwanawe kwa jina lake na kwa lugha yake umefanya nini wewe. Babu alikipokea kile kitu, akakiweka mapajani. Alipitisha kidole mahali palipokuwa na namba.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Mungu akulipe."

Halafu akacheka nao.

"Babu!" nilisema, kwa Kiswahili, kwa sauti. "Mwambie! Mwambie kamuua!"

Ami alinigeukia na jicho lile. Lakini si yeye aliyenijibu.

"Nyamaza," Babu alisema. "Nenda kwa Bibi yako."

Nilipita kwa Jirani nikienda mlangoni. Hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama Goti mapajani kwa Babu, midomo imemtoka rangi, akasema polepole, kama anajisemea, "Wamemvisha sanda, yakhe. Wamemvisha sanda ya fedha."

Siku ya tatu Jirani alikuja alfajiri, akapiga honi. "Mchukue Abu Ashara twende," alimwambia Babu dirishani. "Kwani risasi inajua imetoka wapi?"

"Mkono nilimpa yule mzee kwa Goti," Babu alisema. "Wakiniuliza kwa nini nimekuja na mwengine, niseme nini? Niseme mwanangu mjinga, mbele ya wakwe zake?"

Akafunga dirisha. Hakwenda siku hiyo, wala Ijumaa iliyofuata, wala Ijumaa yoyote. Alhamisi alasiri mkeka ulibaki umekunjwa. Kilichobadilika nyumbani ni kitu kimoja tu kidogo, kabati la Bibi liliacha kuyumba. Nilidhani Babu, sasa kwa kuwa ana muda, amelirekebisha. Na bastola ile, Babu alisema mahali pake ni Ghubra, kwa mwenye baraza kubwa. Ami aliitundika kwa furaha.

Wananiambia nisamehe. Wananiambia alifanya kwa mapenzi. Ndiyo, najua, na ndilo linaloniwasha. Adui ungempiga. Huyu alikuletea kisanduku cha mahameli. Aliona baba yake mtupu akamvika, hakuuliza mara moja, hata siku moja, Baba unapenda nini ndani ya hiki kipande cha chuma. Angeuliza, angeoneshwa asali kwenye kijiko. Na ninamkasirikia mzee wa milimani kwa kicheko alichojua si cha kweli, na kila mkono uliopiga makofi. Na Babu, Mungu amrehemu, yeye ninamkasirikia kuliko wote, kwa ile ahsante. Heshima gani hii ambayo mtu anavunjwa na anatakiwa ashukuru kwa adabu? Nimelitafuta jibu katika miji yote niliyolala. Sijalipata.

Babu hakukaa sana. Jicho la kulia nalo likaingia ukungu, kisha kifua, kisha akawa hataki kutoka kitandani. Siku za mwisho nilikaa naye, na niliona kidole chake cha shahada juu ya shuka, kinafungua na kukunja, kinafungua na kukunja. Baada ya matanga Ami alimchukua Abu Ashara na Mdogo Wao akawarudisha serikalini. Aliwaweka mezani, akarudi nyumbani. Mwingereza hakuhitajika mara hii.

Bonde letu halipo. Binamu ananiambia pana majumba sasa, kuta nyeupe, bustani za kumwagiliwa, na barabara imepita juu ya mwamba wetu wa makopo. Jirani naye katangulia. Hapana tena mtu aliyebaki anayejali kwamba Goti alikuwa mweusi, isipokuwa mimi. Wajukuu wanapiga picha chini yake na kusema babu mkubwa alikuwa na bastola ya fedha. Ndivyo itakavyoandikwa. Babu mwenyewe hakuwa na kitu cha fedha hata kimoja. Alichokuwa nacho alikitoa.

Nilipomaliza sekondari Ami alinitafutia kazi ya tarishi ofisini kwake. Nilikataa. Nilimwambia Bibi nakwenda, sikusema wapi, maana sikujua. Hakulia. Alinifungia vitumbua kwenye kitambaa, akamimina kidogo kilichobaki chini ya galoni, asali imeganda nyeusi, akaitia kwenye chupa ya dawa. Nje gari la kunipeleka uwanjani lilikuwa linanguruma, na Ami amesimama kando yake, anatazama saa.

"Njoo jikoni," Bibi alisema.

Alisimama mbele ya kabati, mikono kiunoni.

"Inua hapo. Upande huo wenye mguu mfupi. Inua, wewe si mwanaume?"

Nikainua. Bibi alichuchumaa kwa taabu, akaingiza mkono chini ya mguu, akatoa vipande viwili vya mbao vilivyobanana kwa uzito wa miaka. Alivipuliza vumbi. Alivifuta kwa ncha ya kanga. Upande mmoja vimistari vya kukatana. Akavigeuza, akanipa. Arobaini na saba, na arobaini na saba.

"Ami yako alivitupa kwenye taka za jikoni kwake Idi ile, vimefungwa gazeti, kabla ya wageni," alisema. "Nikaviokota. Sikujua vimetupwa kwa nini mpaka niliposikia makofi."

"Na ulipiga kigelegele, Bibi."

"Nilipiga." Alinitazama machoni. "Mlango ulikuwa wazi na wanawake wote wananitazama. Nilipiga, na mkononi nimevishika."

Honi ililia nje. Niliachia kabati, na likayumba kama zamani, sahani zote zikapiga kelele nyumba nzima. Nilitafuta kwa macho kipande cha boksi, kitu chochote cha kuliwekea chini ya mguu.

"Liache," Bibi alisema. "Liache liyumbe. Ami yako leo atakula hapa, na zikilia atauliza lina nini. Leo akiniuliza, ntamwambia."

Niliingia garini bila kumshika Ami mkono. Mbao zilikuwa mfukoni, moja kila upande. Tangu hapo sikurudi Maskati, na Bibi akafa tukiwa hatujaonana tena, kwa hiyo mpaka leo sijui kama Ami aliuliza.